Nilivyoiga Antena na Kuusahau Mchanga

Mwanzi wangu wa kwanza wa antena ya redio ulisimama jioni ya Jumamosi moja kusini mwa mji wa Tanga, hatua chache tu kutoka pale maji ya bamvua yanapoishia. Nilikuwa nimefunga juu yake karibu mita 10 za waya mwekundu wa nyumba, ule wa milimita za mraba 2.5, kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kuanzia kitako hadi nchani. Chini nilitandaza nyaya nyingine nane juu ya mchanga, zikatawanyika kama mikono ya pweza aliyeanikwa. Nikaunganisha kipimo, nikasoma SWR 1.05 (kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio na kebo yake ya ohmu 50; 1 ndiyo kamili), nikapiga ukelele peke yangu. Mzee jirani, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkungu, akainua kichwa.

"Mwanangu, umepata nini huko juu?"

"Nimepata ohmu hamsini na mbili, babu."

"Ndio samaki gani hao? Wanaliwa?"

Hawaliwi. Tena, kama nilivyokuja kujua baadaye, kumi na sita kati yao hawakuwa wangu. Walikuwa wa mchanga.

Kwa asiyezoea mambo haya, monopoli ni antena ya waya mmoja au bomba moja lililosimama, urefu wake robo ya wimbi. Robo ya pili haipo. Ardhi ndiyo inayotakiwa kuijazia. Wengine huiita antena ya Marconi. Ufito ulio juu ya bati la gari ni monopoli, na mingi kati ya ile milingoti mirefu ya redio za masafa ya kati, ambayo mlingoti mzima ndio antena yenyewe, ni monopoli vilevile. Mimi ni fundi umeme kwa kazi na mwanaredio wa ridhaa kwa mapenzi. Leseni yangu ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jina langu la hewani linaanza na 5H kama la wenzangu wa Tanzania, na nilitaka kusikika kwenye bendi ya mita 40. Kwa megahezi 7.1 wimbi lina urefu wa mita 42.2, robo yake ni mita 10.56. Antena ya kulala nayo ingefaa, lakini ili ipeleke mbali inataka kuning'inizwa mita 20 juu, na mimi sina mnara wala mnazi wa kimo hicho ambao mwenyewe angeniruhusu niupande kila wiki. Mwanzi ninao.

Kabla ya kukata waya nilikaa na kompyuta. Niliamini kwamba nikishaiga antena kwenye programu, kazi ya mikono itakuwa kunakili tu. Nilianza na MMANA-GAL, programu nyepesi ambayo mwanzo wake ni kazi ya Mjapani, Makoto Mori, mwenye jina la hewani JE3HHT. Inafunguka hata kwenye kompyuta chakavu, na ya kwangu ilikuwa chakavu. Nikachora waya mmoja wima, nikachagua ardhi kamilifu, nikabonyeza. Sikumaliza hata kumeza mate, jibu likaja: ukinzani wa ohmu 36, na nguvu ya 5.15 dBi, yaani desibeli 5 na ushei zaidi ya antena ya kufikirika inayotawanya sawasawa pande zote. Na nguvu hiyo yote ilikuwa imelala kwenye upeo wa macho, kule kule ninakotaka iende.

Ardhi kamilifu, bila shaka, haipo popote duniani. Ni bati lisilo na mwisho na lisilo na ukinzani hata chembe. Nililijua hilo, ndiyo maana nikabadilisha. Nikaweka udongo wa wastani, upitishaji wa umeme siemensi 0.005 kwa mita na daielektriki, yaani uwezo wa kuhifadhi nguvu za umeme, 13. Picha ikaporomoka. Kwenye upeo wa macho hapakubaki kitu, sifuri kabisa. Kilele kikapanda hadi nyuzi 25 hivi juu ya ardhi, na zile desibeli 5 zikayeyuka zikabaki karibu na 0. Nikaweka mchanga mkavu, picha ikazidi kukonda. Nikaweka maji ya bahari, ikanenepa tena na kushuka chini kuelekea upeo. Hayo yote ni kweli na yana sababu yake: wimbi la wima likigonga udongo kwa pembe ndogo sana, linalorudi linakuwa limegeuka kinyume, kwa hiyo linaliua lile lililokwenda moja kwa moja. Juu ya bahari jambo hilo hutokea kwenye pembe ndogo mno, chini ya uzi mmoja au karibu na hapo, kwa hiyo huoni hasara.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikutikisika. Nikiweka mchanga, ohmu 36. Nikiweka shamba, ohmu 36. Bahari, 36. Nikakata shauri kwamba mchanga unaathiri umbo la picha tu, hauna neno na antena yenyewe. Hitimisho hilo lilinikalia kichwani miezi kadhaa, na kila kosa nililofanya baadaye lilizaliwa humo.

Sababu niliikuta mwishowe, na haikuwa siri. Moyo wa hesabu wa programu ile unatokana na MININEC, na MININEC hukokotoa mikondo ya umeme kana kwamba ardhi ni kamilifu siku zote. Udongo ulioutaja huingizwa baadaye tu, wakati wa kuchora picha ya mionzi. Ohmu zisingeweza kubadilika hata ningeandika kwamba antena imesimama juu ya godoro. Jambo hili limeelezwa wazi na watu wengi. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona rangi kwenye kioo.

Basi nikajenga. Mshangao wa kwanza ulikuwa mdogo: waya wa urefu ule ule wa kwenye programu, mita 10.15, uliitika kwenye megahezi 6.9 badala ya 7.1. Nilipima upya mara tatu kwa futi kamba. Kosa halikuwa kwenye kupima. Waya wangu ulikuwa na ngozi nyekundu ya plastiki, na wa kwenye programu ulikuwa shaba tupu. Ile ngozi hupunguza mwendo wa wimbi kwenye waya, kwa hiyo waya hujifanya mrefu kuliko ulivyo. Asilimia 3 si ajabu. Nikaupunguza sentimita 29. Tangu siku hiyo sikati. Ninaukunja waya na kuusokotea wenyewe kwa wenyewe, nikipima tena nikaona nimekosea, naukunjua.

Mshangao wa pili ndio mkubwa. Baada ya ile SWR 1.05 na mazungumzo ya samaki, nilipata mabaki ya waya kwenye kazi moja ya nyumba, nikaona si vibaya kuongeza nyaya za chini. Kutoka nane zikawa ishirini na nne. Nikapima. SWR 1.2.

Imeharibika! Nilikagua lehemu, nikasafisha viungio, nikaondoa nyaya nne nne. Kila nilipoondoa, SWR ikawa nzuri. Kila nilipoongeza, ikawa mbaya. Mtu mzima na akili zangu nikazing'oa zote kumi na sita, nikazikunja, nikabaki na zile nane zangu na 1.05 yangu.

Aliyenigutusha ni mwenzetu mmoja wa upande wa Mombasa, mtu wa zamani kwenye mawimbi. Nilimsimulia hewani, akacheka mpaka nikasikia kikohozi. Akaniambia, "Ndugu yangu, mzigo bandia wa ohmu hamsini, kile kifaa cha kujaribia redio kinachogeuza nguvu zote kuwa joto, una SWR moja nukta sifuri, na hausikiki hata nyumba ya pili. Umefurahia nini hasa?"

Nikakaa na kalamu. Programu inasema monopoli ya robo ya wimbi ina ohmu 36 zinazogeuka mionzi. Kipimo kinasema 52. Zile 16 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka chini. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni ardhi. Ukikosa nyaya za kuupokea unapita mchangani, na mchanga ni kipitishio kibovu. Kwa hesabu ya haraka, 36 gawanya kwa 52 ni asilimia 69. Nikitoa wati 100, wati 31 zinapasha joto ufuko wa Tanga. Nilipokuwa na nyaya 24 kipimo kilisoma ohmu 42, maana yake asilimia 86 zilikuwa zinatoka. SWR ilikuwa "mbaya" kwa sababu antena ilikuwa nzuri. Ni hesabu ya mtaani, sikatai, kwa sababu hata zile 36 zenyewe huyumba kidogo kufuatana na mazingira. Lakini mwelekeo wake ni sahihi, na wakubwa waliujua zamani: George Brown na wenzake Lewis na Epstein, wahandisi wa kampuni ya redio ya RCA nchini Marekani, walichapisha vipimo vyao mwaka 1937 baada ya kuzika nyaya chini ya mlingoti kuanzia mbili hadi 113, wakaonyesha jinsi nguvu inavyoongezeka kadiri nyaya zinavyoongezeka. Desturi ya kuzika nyaya 120 chini ya minara ya masafa ya kati ilitoka humo. Mimi nilikuwa na nane na kiburi.

Nikarudi kwenye kompyuta nikitafuta programu inayoujua mchanga. Jibu lilikuwa NEC-2, kupitia 4nec2, programu ya kuiendeshea ya Mholanzi Arie Voors. NEC ilitengenezwa katika maabara ya Livermore huko California, na kitabu chake cha NEC-2, cha Gerald Burke na Andrew Poggio, ni cha mwaka 1981. Uzee huo unauona mara moja: antena unaiandika mstari kwa mstari, na kila mstari unaitwa kadi, kwa sababu enzi hizo ilikuwa kadi kweli, ya karatasi iliyotobolewa. Kadi ya GW ni waya. Yangu ilisomeka hivi: GW 1 21 0 0 0.05 0 0 10.2 0.0009. Yaani waya namba 1, umekatwa vipande 21, unaanzia sentimita 5 juu ya ardhi, unaishia mita 10.2, na namba ya mwisho ni nusu kipenyo kwa mita. Nusu kipenyo, si kipenyo. Na kwa mita, si milimita. Mara ya kwanza niliandika 1.8 nikijua ni milimita za waya wangu, kumbe nimejenga pipa lenye kipenyo cha mita 3.6. Programu ilinilalamikia, na ilikuwa na haki.

Kinachofanyika ndani nilikielewa taratibu. Programu inaukata waya vipande, na mkondo katika kila kipande haujulikani. Kila kipande kinasukuma vingine vyote, hata vilivyo mbali. Ukiandika misukumo yote unapata milinganyo mingi kama vipande vyenyewe, ile ile tuliyoihangaikia sekondari ya kutafuta x na y, isipokuwa hapa ni mia kadhaa kwa mpigo. Ukiitatua unajua mkondo uliopo kila mahali, na ukijua mkondo umejua kila kitu: ohmu, picha, hasara. Ndiyo maana ukikata vipande vichache mno jibu linakuwa la ovyo. Nilijiwekea utaratibu wa kuongeza vipande mara mbili na kuangalia jibu. Likihama, bado sijafika. Likitulia, naendelea.

Na hapo nilinaswa tena. Nikaushusha waya ukagusa ardhi yenyewe, kimo sifuri, nikachagua mchanga halisi. Jibu likaja. Nikaongeza vipande, likaja jingine. Nikaongeza tena, jingine tena, kama dalali wa viwanja. NEC-2 haiwezi kuzika waya, na ukiugusisha waya kwenye ardhi isiyo kamilifu haikatai, inakupa namba tu, namba isiyo na mwenyewe. Programu inayokataa ni rafiki yako. Inayojibu kila kitu ndiyo ya kuiogopa. Njia ya watu wenye NEC-2 ni kuziinua nyaya za chini kidogo juu ya ardhi, sentimita chache, na kuchagua ile hesabu ya ardhi ya Sommerfeld na Norton ambayo ni nzito zaidi lakini inaheshimu ukaribu wa udongo. Nikaziweka sentimita 5 juu, nane, kila moja mita 10, juu ya mchanga wa siemensi 0.002.

Kompyuta ikahema. Ohmu zikaja hamsini na kitu.

Nikaandika 24. Zikashuka, zikaingia arobaini na kitu. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Kile kilichonifanya ning'oe nyaya kumi na sita kwa mikono yangu kilikuwa pale kwenye kioo, kimepangwa, kina maana. Asubuhi nilizirudisha zote ardhini, nikaongeza nane nyingine, na SWR ilipopanda nilitabasamu.

Niliwahi pia kuiga nyaya nne tu zilizoinuliwa mita 2 juu ya mchanga, maana programu ilidai kwamba nne za hewani zinakaribia kazi ya nyingi za ardhini, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Sikuzijenga. Pwani yetu ina mbuzi na watoto, na ncha za nyaya hizo zina volti za kuunguza kidole wakati redio inatoa. Hilo halimo kwenye picha ya mionzi. Programu itakupa volti ukiiuliza, mbuzi hutawaona.

Sasa bahari. Mzee jirani ndiye aliyenitia kwenye jambo hili. Nilikuwa ninalalamika kwamba kipimo kinayumba, leo ohmu 43, kesho 40, sijagusa kitu. Akaniuliza nilipima saa ngapi. Nikamwambia. Akatazama maji, akatazama daftari langu, kisha akasema kama mtu anayemweleza mtoto njia ya sokoni, "Wiki iliyopita ulipima maji yamejaa, tena bamvua. Leo maji mafu, na umepima yamekupwa. Unataka mchanga uwe sawa vipi?"

Nilikuwa nimeishi pwani maisha yangu yote na sikuwa nimeliwaza. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hufika mita nane kutoka kitako cha mwanzi, na chini ya mchanga chumvi inapanda. Wakati wa maji mafu hayasogei hivyo, na mchanga wa juu unakauka. Mchanga wangu haukuwa namba moja. Ulikuwa unapumua mara mbili kwa siku, na kwa wiki mbili ukawa na mzunguko mwingine juu ya huo. Nikaanza kuandika hali ya maji kando ya kila kipimo. Mzee akawa ananiletea habari kabla sijauliza: "Kesho bamvua, andaa mashine yako."

NEC-2 ina nafasi ya kuweka ardhi ya pili kuanzia umbali fulani. Nikaweka mchanga kuzunguka mwanzi, kisha kuanzia mita 8 upande wa mashariki nikaweka bahari: siemensi 5 kwa mita, daielektriki 81. Angalia tofauti ya hizo namba. Bahari inapitisha umeme mara 2,500 kuliko mchanga niliouandika. Kwa pembe ya nyuzi 10 juu ya upeo, upande wa bahari ulizidi upande wa bara kwa zaidi ya desibeli 6. Desibeli 6 ni kama kuzidisha wati mara nne, na bahari haiuzwi dukani. Sababu ni kwamba wimbi la pembe ndogo halitoki kitakoni. Sehemu yake inatoka katikati ya waya, mita 5 juu, inashuka na kugonga mbele ya antena kabla ya kupanda. Kwa nyuzi 10 pa kugonga ni mita 28 hivi, na kwa pembe ndogo zaidi ni mbali zaidi. Kwangu, bamvua likijaa, pote hapo ni maji. Wakati mwingine watu huniuliza kama Pemba iliyo mbele yetu inazuia. Haizuii, iko mbali mno kuhusika na kugonga huko.

Lakini, na hili ni lakini la maana, ardhi ya pili katika NEC-2 huingia kwenye picha tu. Haibadilishi ohmu. Ni ugonjwa ule ule wa mwanzo umehamia mtaa mwingine, na safari hii niliutambua mlangoni. Kwa hiyo ule myumbo wa ohmu 40 na 43 sikuweza kuuiga kwa kuisogeza bahari. Niliukaribia kwa kubadilisha mchanga wenyewe chini ya mwanzi, mkavu na wenye chumvi, nikiangalia jibu linavyotembea. Lilitembea upande ule ule na daftari. Sikuhitaji zaidi.

Kuhakikisha kama zile desibeli ni za kweli nilitumia WSPR, mfumo ambao Joe Taylor, yule mwanafizikia wa Tuzo ya Nobel ya 1993, aliuanzisha mwaka 2008. Unatoa ishara dhaifu kwa karibu dakika mbili, wati moja inatosha, na vituo vya wasikilizaji duniani vinaripoti vyenyewe vimekusikia kwa nguvu gani. Nikatundika antena ya kulala ya nusu wimbi kwa kimo cha mita 6, nikawa ninapokezana: kipindi kimoja mwanzi, kinachofuata antena ya kulala, usiku kucha. Kwa vituo vya karibu, Nairobi na humu nchini, antena ya kulala iliushinda mwanzi vibaya, kwa sababu nguvu yake nyingi inakwenda juu, inagonga tabaka za juu za anga na kurudi kama mpira. Kwa Australia, njia ambayo kutoka kwetu karibu yote ni maji, mwanzi uliongoza karibu kila usiku. Kwa Ulaya, upande wa bara, uliongoza pia lakini kwa aibu. Programu ilikuwa imesema hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza niliiamini kwa haki, si kwa mapenzi.

Kulikuwa na mdudu mmoja aliyebaki. Nikiishika kebo ya koaksia inayotoka redioni kwa mkono, SWR inabadilika. Kebo nzuri haijali mkono wako. Nilitafuta kosa kwenye faili kwa siku mbili, na kosa lilikuwa kwamba kebo haimo kwenye faili. Kwenye programu umeme unazaliwa pale pale kitakoni, hauji kwa kebo yoyote. Kwangu ulikuja kwa mita 20 za koaksia iliyolala mchangani, na ganda la nje la kebo hiyo lilikuwa limejifanya waya wa tisa wa chini bila kuombwa, kisha wa thelathini na tatu. Nilipoongeza kwenye faili waya mmoja wa urefu huo kuwakilisha lile ganda, nikauona mkondo ukitembea juu yake hadi mezani kwangu. Dawa yake ilikuwa vile vinundu vyeusi vya feraiti vinavyovaliwa na kebo za skrini za zamani. Fundi wa kompyuta mjini alinipa mfuko mzima bure, nikavishonea kumi na mbili kwenye kebo karibu na kitako. Nikaishika kebo. Namba haikutikisika. Na ile kelele kama mvua niliyokuwa naisikia redioni kila jirani akiwasha taa ikapungua.

Mwezi wa saba kusi ilivunja mwanzi katikati. Nikahamia mabomba ya alumini ya vipenyo vitatu, moja ndani ya jingine, milimita 40 chini, 30, kisha 20. Nilidhani ni kubadilisha namba za mwisho kwenye kadi basi. Kumbe NEC-2 haipendi vipenyo vinavyobadilika ghafla, hasa pale bomba nene linapokutana na nyaya nyembamba za chini, tena hapo hapo ndipo umeme unapoingilia. Kipo kipimo cha kuibana: unaondoa hasara zote, unaiweka antena mahali pasipo na udongo wa kunyonya, kisha unaiambia programu ijumlishe nguvu zote zilizotoka. Zinatakiwa kulingana na zilizoingia, jibu liwe 1. Mimi nilipata 0.9, yaani desibeli 0.46 zimepotea hewani bila mwizi. Nikabadilisha kitako, vipande vyote vya karibu na chanzo nikavipa urefu mmoja na wembamba mmoja na nyaya, na bomba lote juu yake nikaliandika kama la kipenyo kimoja cha kati. Jibu likarudi jirani ya 1. Bomba halisi likaishia chini kidogo ya mita 10, halina ngozi ya plastiki, nene, kwa hiyo fupi. Tofauti kati ya kioo na kipimo ilikuwa kilohezi 40 tu, na sikuwa na hamu ya kuzitafuta.

Mzee hakulipenda bomba. Alisema mwanzi ulikuwa unaimba upepo ukija, hili linanguruma tu. Lakini bado anakuja jioni na nyavu zake, na bado ananiuliza nimepata ngapi. Kadi ya kwanza kabisa katika faili la NEC huitwa CM, ni ya maelezo tu. Programu haiitumii kwenye hesabu. Zamani niliandika hapo jina langu na tarehe. Faili la juzi linaanza hivi: CM maji mafu, yamekupwa, mchanga mkavu tangu Jumatano, kasema babu.